Taa Inayokonyeza

Hapa Migori taa ya injini kuwaka si habari. Habari ni gari ambalo taa yake imezima. Panda Probox ya kwenda Rongo, ubanwe kwenye sambaza pale mbele kati ya dereva na abiria wa haki, utaiona usoni mwako: kipicha cha injini, rangi ya manjano, imewaka tangu stendi. Muulize dereva. "Hiyo iko hivyo tu, mwalimu. Ilikuja na gari."

Langu ni Corolla 100 ya mwaka 1994, limewazidi umri baadhi ya walimu ninaofundisha nao. Ugonjwa wake ulikuwa wa alfajiri. Ukiliwasha likiwa baridi linakohoa, linazima, linakohoa tena, mpaka majirani wanaamka na kuanza kutoa maoni kupitia dirishani. Likishapata joto halina neno. Sasa fundi gani utampata saa kumi na moja asubuhi? Nikifika gereji saa nne, injini imepata moto, gari linanguruma kwa adabu, na fundi ananitazama kama mtu aliyemleta hospitali mtoto anayecheza.

Lakini taa imewaka, na taa ikiwaka lazima kitu kinunuliwe. Wa kwanza aliuza plagi, zote nne. Wa pili, pale Awendo, katikati ya matrekta ya miwa, alifungua tangi, akanusa, akatikisa kichwa. "Umewekewa mafuta ya taa, jaduong'." Simlaumu kwa kushuku. Uchakachuaji wa petroli ulikuwa umezidi nchini hadi serikali, mwaka 2018, ikaongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili wachanganyaji wasione faida. Mafuta ya taa yakapanda bei, bibi zetu wenye koroboi wakaumia, na mafundi wakabaki na kisingizio kisichoisha. Wa tatu alikuwa na sensa ya oksijeni imefungwa kwenye gazeti, tayari mfukoni, kabla hata sijazima injini.

Kijana mmoja wa Homa Bay ndiye aliyekuja na sayansi. Alikuwa na kile kidude cha bluetooth kinachosomwa kwa simu. Alilala chali chini ya usukani, tochi mdomoni, akipapasa. Baadaye akainuka, jasho linamtoka, akatoa hukumu: "Mwalimu, gari lako halina mahali pa kuchomeka." Kweli. Namba za makosa zinazosomwa na kidude hicho, zile zinazoanza na herufi P, pamoja na soketi yake ya matundu 16, zilikuja kuwa lazima Marekani kwa magari ya mwaka 1996, na Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Langu lilitoka kiwandani Japani kabla ya hayo yote.

Dawa niliipata Rodi Kopany, siku ya soko, kwa mzee aliyekuwa na kipande cha waya tu. Hakuuliza gari lina nini. Alifungua boneti, akatafuta kiboksi cheusi chenye neno DIAGNOSIS juu ya kifuniko, akakibandua. Chini ya kifuniko pameandikwa jina la kila tundu. Akaunganisha TE1 na E1 kwa waya wake, akaniambia, "Fungua switchi, usiwashe."

Taa ikaanza kukonyeza.

Soko likasogea. Mama wa ndizi aliacha ndizi, wa boda wakaacha abiria, na kila mmoja akahesabu kwa sauti, kila mmoja na hesabu yake. Mmoja alisema nne. Mwingine, aliyekuwa na kiburi cha kidato cha nne, akasema thelathini na moja. Mzee akawanyamazisha kwa kiganja. "Omera, sikilizeni kwa macho. Mbili, inapumzika, mbili." Ishirini na mbili. Lile pumziko fupi ndilo linalotenga makumi na mamoja; usipoliona utabaki na nne, na nne haipo kwenye orodha ya makosa. Gari lisilo na kosa hukonyeza mfululizo bila kupumzika.

Ishirini na mbili, kwa Toyota za wakati huo, ni sensa ya joto la maji. Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta pesa za sensa mpya. Mzee akaniambia nitulie. Akafuata waya wa ile sensa kwa kidole, taratibu, hadi nyuma karibu na ukuta wa injini, akasimama. Ulikuwa umetafunwa. Uzi mmoja wa shaba ulikuwa nje, umemeta, na alama za meno madogo pembeni.

Akanusa. "Gari hili umebebea omena?"

Nilibeba gunia zima kutoka ufuoni Homa Bay, la duka la mke wangu.

"Basi panya ni wako."

Akanieleza huku akiunganisha waya na kuufunga tepu nyeusi. Waya ukikatika, kompyuta ya injini haijui maji yana joto gani, kwa hiyo inajiamulia tu kwamba yana nyuzi 80. Alfajiri, injini imekufa ganzi, kompyuta inaipa petroli ya injini iliyokwisha kuchemka. Hapo itaacha kukohoa vipi? Kisha akang'oa fyuzi iliyoandikwa EFI, akangoja kidogo, akairudisha ili kosa lifutike. Taa ikakonyeza mfululizo. Watu wakashangilia, na kijana mmoja wa boda akaomba pikipiki yake nayo ipimwe.

Wenye magari ya juzi msinicheke. Jirani yangu ana Fielder, mashine ikasoma P0420, akaambiwa anunue masega ya ekzosi. Namba ile inasema masega yanaonekana hayasafishi moshi sawasawa, haisemi yanunuliwe. Bomba likitoboka karibu na sensa, au sensa yenyewe ikichoka, namba inaweza kuwa ile ile. Na P0171 husema hewa imezidi petroli. Inaweza kuwa mpira uliopasuka wa bei ya chai, lakini duka la spea litakuuzia sensa, maana sensa ndiyo iliyotoa taarifa.

Ukienda kununua gari la mkononi, kabla hujapiga teke matairi, fungua switchi bila kuwasha injini. Taa ya injini lazima iwake, halafu izime injini ikishanguruma. Isipowaka kabisa, usifurahi. Kuna mtu ameshang'oa balbu.