Sifa za Kompyuta Mpakato Mbovu

Kompyuta mpakato inayokata roho haina mtetezi. Ikizimika katikati ya sentensi hutukanwa, ikichelewa kuwaka hupigwa makofi ya ubavuni, na ikifikishwa kwa fundi husengenywa mbele ya wateja wengine kama mgonjwa asiyesikia. Nasimama leo kuitetea. Hoja yangu ni kwamba kompyuta nzima humlea mwenyewe katika uzembe, ilhali mbovu humtia adabu. Na ile ya kuazima inayoshika zamu yake humalizia mafunzo. Anayebisha asikilize ushahidi kwanza.

Tuanze na betri. Betri nyingi za lithiamu hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 300 hadi 500, na kuanzia hapo huendelea kunyong'onyea hadi zishindwe kuishi mbali na soketi. Mwenye betri ya namna hiyo hatangitangi: hukaa palipo na umeme, waya wa chaja umekunjwa kwa pembe ile ile moja inayokubali, na hafanyi kazi kwa mbwembwe. Anajua umeme ukikatika ana dakika chache tu, kwa hiyo huandika la maana kwanza na madoido baadaye. Feni nayo ikijaa vumbi, joto hupanda na prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Ni busara iliyoje! Mashine inajua kupumzika ikichoka, wakati bwana wake anaongeza kikombe cha tatu cha kahawa na kuendelea kukodoa macho.

Kisha iko diski ya zamani, ile inayozunguka mara 5,400 kwa dakika. Ikikaribia kufa hutoa milio, hukwaruza, hufungua faili moja kwa muda wa kuchemsha chai. Watu huita hiyo kero. Mimi naiita uungwana. Diski za kisasa zisizo na kitu kinachozunguka zina kasi ya ajabu, lakini zinaweza kuondoka kimya kimya, jana zikiwa nzima na leo hazionekani. Mbovu yetu huaga. Huaga kwa wiki, wakati mwingine kwa miezi, ikimsihi mwenyewe ahamishe kazi zake, naye hujibu kwa kuiwasha upya.

Siku ikigoma kabisa, ndipo inapokuja ya kuazima, ya shemeji au ya ofisini, herufi zimefutika, kibodi ina kitufe kimoja kinachonata. Hapo ndipo mtu hugundua kwamba nywila zake zote zilikuwa zikikumbukwa na mashine, si na yeye. Hugundua pia kwamba kati ya mafaili elfu aliyoyalimbikiza, anayoyahitaji kweli ni machache. Kumbukumbu ya mashine hiyo, ya gigabaiti 4, haivumilii kurasa thelathini kufunguliwa kwa pamoja, basi mtu hufanya jambo moja hadi liishe. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na ni kweli. Lakini faida yake ni hiyo hiyo, maana aliyeona palipo wazi ndiye atakayeshona.

Wapo watakaosema: nunua mpya, acha falsafa. Lakini mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na sehemu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo haikufika robo. Tena Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na kompyuta nyingi zenye afya zikahesabiwa kuwa zimepitwa, kwa kuwa tu hazikutimiza masharti ya Windows 11. Yetu angalau inakufa kwa ugonjwa wake, si kwa tangazo. Wengine watalalamikia muda unaopotea ikisubiriwa kuwaka. Wahesabu kwanza muda ambao kompyuta yenye kasi huwameza katika video za watu wasiowajua. Pingamizi zito ni moja: kazi hupotea. Hili silikanushi, ila mwenye kulaumiwa si aliyepiga kelele kwa miezi, ni aliyeziba masikio.

Sifa zangu zina mpaka mmoja. Betri iliyovimba haisifiwi wala haivumiliwi: inaweza kuwaka moto, hivyo zima, usiitoboe, peleka kwa fundi. Kwa maradhi mengine yote, msomaji, lipa ada ya mafunzo leo: nakala tatu za kazi yako, katika vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba. Ukishafanya hivyo, itukane utakavyo.