Kilemba cha Ukoka kwa Kadi Isiyokuwapo

Mpwa wangu wa hapa Sigino, Babati, hana mke, hana ekari, na kompyuta yake imepita mikononi mwa watu wawili kabla ya kumfikia yeye. Lakini bei ya kadi ya grafiki ambayo haijatoka kiwandani anaijua. Anajua itakuwa na giga ngapi za memori, itakula wati ngapi, na hata sababu ya wenye kampuni kuchelewa kuitangaza. Nilipomuuliza kaijuaje, alinitazama kwa huruma, kama vijana wanavyomtazama mzee asiyejua Simba inamsajili nani. "Mjomba," akasema, "tetesi zimeshatoka."

Nimeamua kuzisifu hizo tetesi. Wenye busara watanicheka, maana desturi ni kuzilaani: zinapoteza muda, zinamaliza bando, zinawafanya vijana wataje namba kama wahasibu wa benki isiyo na fedha. Yote kweli. Ila nimekaa nazo kijiweni, chini ya mti ulio kati ya kinyozi na banda umiza, na sijaona bado umbea mnyenyekevu kama ule wa bei ya jipiyu (GPU), yaani hiyo kadi ya grafiki. Haumvunjii mtu ndoa. Hautaji jina la binti wa mtu. Acheni niuvike kilemba, hata kama ni cha ukoka.

Kwanza una ukoo. Bibi wa kadi hizi alikuwa GTX 1080 Ti, mwaka 2017, dola 699. Mwaka 2020 akaja RTX 3090 kwa dola 1,499. Oktoba 2022 ikawa zamu ya 4090, dola 1,599, na Januari 2025 akazaliwa 5090 kwa dola 1,999. Ukiwasikiliza vijana wakiwataja utadhani wazee wa Kigorowa wanahesabu mababu zao, isipokuwa katika ukoo huu kila binti anayezaliwa hupandishiwa mahari. Na huyo ajaye, ambaye kijiwe kimeshampa jina la 6090 kabla mama yake hajajifungua, mahari yake inajadiliwa kila jioni na watu wasioweza kulipa hata ya bibi.

Pili, unabii. Jensen Huang, mkuu wa kampuni ya Nvidia inayotoa kadi hizo, alipopanda jukwaani Las Vegas na koti lake la ngozi linalometameta, kwao ilikuwa jioni ya Januari 6, 2025. Sigino ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri ya tarehe 7, majogoo wanawika. Mpwa wangu alikuwa macho. Alikuwa macho kwa ajili ya kuhakiki tu, maana habari alikuwa nayo tangu miezi mingi nyuma: giga 32, memori aina ya GDDR7, njia ya memori yenye upana wa biti 512. Vyote vikatoka vilevile. Wati, tetesi zilisema 600, zikatoka 575. Nionyesheni mganga wa hapa Babati aliyewahi kupiga ramli akakosea kwa wati 25 tu.

Wapinzani wangu watasema: na 4090 je? Ni kweli. Ile nayo ilitabiriwa wati 600, watu wakaanza kuhofia nyaya za nyumba, ikaja na 450. Nakubali. Lakini kabla hamjaokota jiwe la kuipiga tetesi, kumbukeni aliyetenda makubwa zaidi mwaka huohuo ni kampuni yenyewe. Septemba 20, 2022 ilitangaza hadharani RTX 4080 ya giga 12 kwa dola 899. Oktoba 14 ikaitangua, kwamba jina linawachanganya watu. Januari 2023 kadi ileile ikarudi imebatizwa upya, RTX 4070 Ti, kwa dola 799. Kwa hiyo tangazo rasmi nalo lilikuwa tetesi, tofauti ni kwamba lilikuwa limepiga pasi shati.

Mmoja wa watabiri wa tetesi hizi anajulikana mtandaoni kwa jina la kopite7kimi. Uso wake kijiwe hakiujui, wala hakina haja nao. Kopite ni jina la mashabiki wa Liverpool, na kwa hapa kwetu, ambako Jumapili banda umiza hujaa jezi nyekundu hadi mlangoni, hicho ni cheti cha kutosha. Shabiki wa Manchester United akibisha kuhusu upana wa njia ya memori, huwa habishi hesabu, anabishia timu.

Hapa nina neno la pembeni. Kizazi cha 5090 kiliitwa Blackwell, kwa heshima ya David Blackwell, Mmarekani mweusi aliyekuwa bingwa wa nadharia ya michezo na takwimu, na mwaka 1965 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuingia katika Akademia ya Taifa ya Sayansi ya nchi yake. Moja ya kazi zilizompa jina ni kuuliza swali hili: ukiwa na habari mbili, utajuaje ipi ina faida zaidi kwa mtu anayetaka kufanya uamuzi? Sasa fikiria, mtu ametumia akili yake yote kupima thamani ya habari, halafu anapewa jina la kitu kilichozungukwa na habari ambazo hakuna hata mmoja kijiweni anayeweza kuzitumia kufanya uamuzi wowote. Nadhani angecheka.

Lakini sifa ninayoienzi kuliko zote ni jinsi tetesi inavyolainisha moyo. Nenda mnadani kwa muuza mitumba. Koti anakutajia elfu arobaini. Unashtuka, unageuka, anakuita, anakupa kwa ishirini na tano, unaondoka unashukuru, na koti lilikuwa la elfu kumi na tano. Tetesi hufanya kazi hiyohiyo bila mshahara. Kabla ya 5090, watu walinong'ona hadi dola 2,500. Ilipotajwa 1,999, kijiwe kikashusha pumzi: "Afadhali!" Afadhali ya nani? Kwa viwango vya mwaka ule hiyo ni kama shilingi milioni 5, hujaweka usafiri wala asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani. Ni pikipiki mpya ya bodaboda na chenji juu. Na huko Marekani kwenyewe kwa miezi mingi haikupatikana kwa bei ile iliyotajwa. Wachuuzi waliipandisha wapendavyo. Lakini kijana wa Sigino aliyeokoa dola 501 ambazo hakuwa nazo alilala usingizi mtamu.

Tukaipigia hesabu ya Luku, kwa fimbo, mchangani. Wati 575 kwa saa tano za gemu ni karibu uniti 2.9. Kwa siku thelathini ni uniti 86. Mteja mdogo wa umeme, yule anayelipa bei nafuu, hatakiwi kuvuka uniti 75 kwa mwezi. Maana yake kadi hiyo peke yake, bila taa, bila redio, bila kuchaji simu ya jirani, inakutoa katika daraja la maskini na kukupandisha la matajiri. Miradi mingi imepita hapa ikiahidi kutupandisha daraja. Huu ndio wa kwanza ambao hesabu yake imekubali.

Na msiseme umeme huo unapotea. Wati zote hizo mwishowe huwa joto, na mwezi Julai baridi ya Mlima Kwaraa ikishuka usiku, joto si kitu cha kudharau. Dada yangu, mama wa huyo mpwa, anafuga kuku. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi 33 hivi, na yeye huwawashia balbu na jiko la mkaa akiamka kila mara kuangalia. Alipoelezwa kwamba kuna kifaa kinachotoa joto zaidi ya nusu pasi ya umeme, chenye feni zake mbili za kulisambaza, aliuliza kwa makini kabisa kama kinauzwa na banda lake.

Mnaweza kudhani nafanya mzaha tu, kwa hiyo niwaambie jambo moja lililotokea. Mpwa wangu huhariri video za harusi, kipaimara na sendofu, na kompyuta yake ilipofika ilikuwa haina kadi. Akachanga, akaenda Arusha kutafuta GTX 1050 Ti. Hiyo ni kadi ya mwaka 2016, giga 4, inakula wati 75 tu, ina viini 768 wakati 5090 ina 21,760. Yaani ya kwake ungeihitaji zaidi ya mara ishirini na nane ili kupata idadi ya viini ya yule mkubwa. Duka la kwanza walimpa boksi zuri, stika ya kung'aa, bei ya kirafiki. Akaigeuza kadi akatazama matundu. Moja lilikuwa la buluu, tundu la VGA. Akairudisha mezani. Kadi halisi ya aina hiyo haina tundu la VGA. Ile ilikuwa kadi ya zamani sana iliyobadilishwa programu yake ya ndani ili ijitaje kwa jina lisilo lake. Muuzaji akaapa. Kijana akaaga kwa adabu, akaenda duka la nne, akapata ya kweli.

Nani alimfundisha? Hakusomea, na hajawahi kuishika 5090. Alijifunza kwenye ule ubishi wa usiku, ambamo huwezi kuzungumzia kadi ijayo bila kuambiwa ile iliyopita ilikuwa na nini na ilikosa nini. Alikwenda shule ya umbea, akatoka na cheti cha ukaguzi. Leo harusi za kata nzima zinapikwa na vile viini 768, taratibu, feni ikilia kama mashine ya kusaga iliyo mbali, na maharusi wakiuliza video iko wapi anawaambia inapika.

Basi linganisheni umbea huu na ule mwingine tunaoujua hapa. Sigino inalima mahindi na mbaazi, na mbaazi macho yake yako India. Mwaka 2017, baada ya msimu uliolipa vizuri kuwafanya wengi waongeze ekari, zilivuma habari za bei tamu zaidi. Agosti mwaka huo India ikaweka ukomo wa tani 200,000 za mbaazi kutoka nje, bei ikaanguka, na magunia yakakaa ndani yakitazamana na wenye nayo. Tetesi ya mbaazi ikikosea, mtoto anarudishwa nyumbani akafuate ada. Tetesi ya jipiyu ikikosea, mpwa wangu anabadilisha mada. Ndiyo bei pekee inayojadiliwa hapa Sigino ambayo hakuna anayeilipia, na mimi, ambaye nimelipia bei nyingine nyingi, sioni haya kuivulia kofia.

Juzi kijiwe kilikuwa kimechemka, mmoja anasema 6090 itaanza dola 2,500, mwingine anaapa 3,000, kwa kuwa memori imepanda. Akapita mzee mmoja anasukuma baiskeli yenye gunia. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akaegemeza baiskeli mtini na kusikiliza kwa muda. Akauliza hiyo kitu ni ya kula? Si ya kula, babu. Ya kupanda? Hapana. Akafikiri.

"Na Wahindi nao wananunua?"

Wananunua, babu, sana tu.

"Basi tulieni," akasema, akilirudisha gunia sawa juu ya karia. "Siku Wahindi wakigoma, mtazipima kwa debe."