Ile Shilingi Moja Iko Wapi?

Siku hizi ukimtuma mtoto dukani, jiandae kupokea pipi. Unampa noti akalete chumvi na kiberiti, anarudi shavu limevimba, na ukimdai chenji anakujibu kwa ulimi wa rangi ya chungwa: "Mangi kasema hana mia." Kesi imefungwa hapo. Nikinuna, mama watoto ananiambia niache ubahili, mia moja nayo ni hela? Ni hela! Nchi imeihangaikia, ikaitengenezea sarafu yake, halafu nyie mnaimung'unya.

Sisi hatukulelewa hivyo. Marehemu baba alikuwa karani wa chama cha ushirika, mtu wa daftari na kalamu sikioni, na kwake yeye mtoto hakui kwa kula ugali. Anakua siku anapokabidhiwa fedha za wenzake akazirudisha na maelezo. Basi nilipofikia umri wa kwenda dukani na kurudi bila kupotea, nikateuliwa. Sikuomba, sikugombea, wala sikuulizwa.

Ukirudi huingii ndani. Unasimama kizingitini, unapanga sarafu juu ya stuli, kichwa cha Mwalimu chini, mnyama juu: senti ishirini yenye mbuni, sumni yenye sungura. Shilingi ndiyo haikuwa na mnyama, ilikuwa na mwenge, nayo inakaa peke yake kwa heshima zake. Baba anasema, "Soma." Unasoma: nimepewa kiasi hiki, sukari kiasi hiki, mafuta ya taa kiasi hiki, imebaki hii hapa. Hesabu ikikataa, unageuza, hata kama giza limeingia na jirani ameshafungulia mbwa wake. Mara nyingi aliyepungua alikuwa sungura, na kwa tabia za sungura tunazozijua, hakuna aliyeshangaa.

Jioni moja ikapungua shilingi nzima. Mwenye duka alikuwa amenipunja, na baba alilijua hilo kabla sijafungua mdomo, maana duka lile lilimpunja kila mtu bila ubaguzi. Mzazi mwingine angekwenda kugombana. Wangu akavuta kiti.

"Kaa hapo. Watu watatu wameingia hotelini, wamekula. Kila mmoja katoa shilingi kumi. Jumla?"

"Thelathini, baba."

"Mwenye hoteli akaona amewazidishia. Chakula chao ni shilingi 25. Akampa boi shilingi tano awarudishie. Boi akaona tano hazigawanyiki kwa watatu, akampa kila mmoja shilingi moja, mbili akatia mfukoni. Sasa kila mtu katoa ngapi?"

"Tisa."

"Tisa mara tatu?"

"Ishirini na saba."

"Na mbili za boi?"

"Ishirini na tisa."

"Walianza na thelathini. Ile shilingi moja iko wapi? Ukiipata, utakula."

Fumbo lenyewe si la baba. Wazungu wanalo pia, ila kwao watu hao watatu ni wageni waliokodi chumba cha kulala. Baba akawahamishia kwenye wali maharage, kwa kuwa mtaani kwetu hakuna aliyewahi kulipa fedha ili alale.

Nikahesabu kwa vidole, kwa kokoto, kwa punje za mahindi. Kila nikijumlisha inakuja 29. Baba anatikisa kichwa kwa raha zake, ndani wali unapoa. Aliyeniokoa ni mama, na hata hakuinua macho. Alikuwa anakanda unga wa maandazi ya kuuza kesho yake, mikono nyeupe hadi kwenye viwiko.

"Baba watoto, mwache mwenzio ale. Mbili za boi si zimo humo humo kwenye 27? Ishirini na tano kachukua mwenye hoteli, mbili kaiba boi, ndiyo 27 hiyo. Unazijumlisha mara ya pili za nini? Wateja wamerudishiwa tatu, jumla thelathini. Hakuna kilichopotea." Akapiga donge la unga kwenye sinia. "Ila kuna kilichoibwa. Mbona huyo boi hamumuulizi?"

Baba akakohoa, akafungua daftari. Nikala.

Nimelikumbuka fumbo hilo juzi kwenye kikao cha kuvunja kamati ya harusi. Pande tatu za ukoo, kila upande ulichanga milioni moja. Ukumbi na chakula vikala milioni mbili na nusu. Mhazini akarudisha laki moja kila upande, laki mbili zikabaki kwa jina la "usumbufu wa kamati". Kisha akasimama na tai yake kusoma taarifa: michango halisi milioni 2.7, usumbufu laki mbili, jumla milioni 2.9. "Tulianza na milioni tatu, ndugu wajumbe. Laki moja bado tunaifuatilia."

Mungu wangu! Kikao kizima kikainamia simu kupiga hesabu. Shangazi akamshuku mpiga picha. Mjomba akamshuku mpishi, akakumbusha na nyama ilivyokuwa ndogo. Soda za kikao zikaisha watu wanatafuta laki moja ambayo haijawahi kuzaliwa, na mwenye laki mbili ameketi mbele akitusihi tuwe watulivu. Nilipouliza usumbufu huo ni upi, mwenyekiti akaniambia nisilete mambo ya chuki kwenye jambo la heri.

Wazazi, watumeni watoto dukani na fedha za kushikika, na wakirudi wasomesheni hesabu kizingitini, wakilia walie. Msipofanya hivyo, wataketi kwenye vikao vyetu wakipiga makofi. Na wewe msomaji, siku ukisikia mhazini anatangaza kwamba kuna fedha haionekani, usihangaike na isiyoonekana. Muulize kwanza hiyo inayoonekana iko mfukoni mwa nani.