Mjomba Solo, Bibi Swichi na Amplifaya ya Sebuleni

Ewe msomaji uliyejaliwa mpiga gitaa ndani ya nyumba, pole sana, na karibu tukae jamvi moja. Sisi tunafahamiana hata kabla ya salamu. Sebuleni kwetu nyaya ndizo zinazopita, watu wanaruka.

Kwangu hapa Kigamboni mpiga gitaa ni Mjomba Solo, kaka wa marehemu mama. Jina lake la ubatizo hata watoto hawalijui. Alipiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi ya shirika moja la umma, enzi ambazo bendi nyingi zilikuwa na mwajiri. Wazee wa muziki mnakumbuka: NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa mali ya chama. Mwanamuziki akihama bendi, alihama na vidole vyake tu. Basi bendi ya Mjomba ilipokufa na vyombo kupigwa mnada, yeye alichukua kiinua mgongo alichokuwa amepangia bati za nyumba akanunua amplifaya. Mkazamjomba, Mungu amrehemu, hakulisahau hilo hadi anaingia kaburini. Mjomba alipobaki mgane akaja kwetu na sanduku moja la nguo na hiyo amplifaya, nasi tukawapokea wote wawili.

Ni mashine ya Uingereza ya miaka ya 1970, vipande viwili: kichwa chenye mitambo, na boksi la spika. Ndani ya kichwa hakuna chipu hata moja, ni valvu za kioo. Zile ndogo za mwanzo ni ECC83, ambazo Wamarekani huziita 12AX7. Za mwisho, zinazosukuma spika, ni EL84 nne, aina ile ile waliyoitumia Vox kwenye AC30 yao. Lee de Forest alibuni valvu ya kukuza sauti mwaka 1906, transista zikaja zikaifukuza kwenye redio na televisheni, lakini wapiga gitaa wakagoma kuiacha. Mjomba atakwambia kwa nini, ukiwa na muda. Ukiibana valvu kwa sauti kubwa, haipasuki ghafla. Inanenepa taratibu, inaitikia nguvu ya kidole. Mimi si mpiga gitaa, lakini nimesikia jioni nyingi mno, siwezi kubisha.

Tatizo ni kwamba valvu haifanyi kazi bila kuchemka. Kichwa kikiwashwa tu, hata kabla gitaa halijaguswa, kinakula wati mia hivi, na karibu zote zinatoka kwa joto. Mke wangu, Mama Pendo, anazijua hesabu hizi kuliko mtu yeyote, maana LUKU ndiye anayeijaza. Lakini huyo huyo Mama Pendo hana kitu bapa nyumbani kwake ambacho hajakivika kitambaa cha kufuma. Televisheni ina chake, friji lina chake, na siku moja narudi kazini nakuta amplifaya nayo imevishwa, cheupe chenye ua la pinki katikati, kimefunika matundu yote ya juu. Na juu ya kitambaa, chombo cha maua chenye maji.

Nikaeleza. Nikasema joto likikosa pa kutokea, kapasita zinakauka mapema na transfoma inaungua, na maji yakimwagikia humo ndani tutakuwa na msiba. Alinisikiliza kwa upole wote. Maua yakahama siku hiyo hiyo. Kitambaa kikashuka kwa mbele, kikaning'inia kwenye kitambaa cha spika, na hapo ndipo kilipo mpaka leo, Mjomba anapiga solo kupitia ua la pinki. Mwenye ndoa atanielewa: matundu yamebaki wazi, yatosha.

Mtu mwingine wa kumfahamu ni mama mkwe wangu, Bibi Swichi. Wingu likitanda tu juu ya Mji Mwema, anakwenda kuzima swichi kubwa ya nyumba. Hasubiri ngurumo. Mjomba amekatishwa solo katikati mara zisizo na idadi, na ugomvi wao umekuwa ratiba ya masika. Ila nasema wazi, Bibi yuko sahihi kwenye hili. Radi ikipiga karibu, nguvu yake huingia kwa waya, na umeme unaporudi baada ya kukatika huja kwa mshtuko. Amplifaya ya valvu iliyoachwa imewashwa wakati wa kukatika inapokea mshtuko huo ikiwa imesimama kifua wazi. Nilimwomba Mjomba jambo moja: umeme ukikatika, zima kwenye mashine yenyewe na uchomoe plagi. Analifanya, huku akimtazama Bibi.

Amani hiyo ikavurugwa na Shangazi Posta, dada yangu aliyeko Houston, ambaye hawezi kuona kifurushi kitupu asikijaze. Alimletea kijana wangu, Injinia, gitaa la kisasa la kuiga magitaa mengine. Chini ya kila uzi, pale kwenye daraja, kuna kipande kidogo cha piezo kinachonusa mtetemo wa uzi huo peke yake na kuupeleka kwenye kompyuta ndogo iliyomo tumboni mwa gitaa. Kompyuta ndiyo inaamua usikie nini: gitaa la umeme, gitaa kavu, hata banjo. Roland walishafanya jambo la namna hiyo mwaka 1995 kwa mtambo wao VG-8, ila kompyuta ilikuwa kwenye boksi la pembeni. Siku hizi imo humo humo.

Gitaa hilo linakula betri, na swichi yake ni tundu la waya. Ukiacha waya umechomekwa, linakesha limewaka. Injinia hajawahi kuuchomoa waya tangu azaliwe. Ndiyo maana rimoti ya televisheni kwetu ni tupu muda wote, na saa ya ukutani ilisimama siku nyingi, na Bibi Swichi alikosa taarifa ya habari akakaa na hasira hadi chakula cha usiku. Betri zikiwa dhaifu, sauti inakatikakatika, na Injinia anaanza kulaumu amplifaya ya babu. Jambo la kwanza kwa gitaa la aina hiyo ni betri mpya, la pili waya mwingine. Na kama uzi mmoja tu umekuwa bubu na mingine inasema, hapo shaka iangukie kipande cha piezo cha uzi huo au kiunganishi chake, usihangaike na amplifaya.

Lililotutikisa zaidi ni hili. Gitaa hilo linaweza kubadilisha tyuning kwa kompyuta: nyuzi zenyewe zimekazwa kawaida, lakini spika inatoa noti nyingine kabisa. Injinia aliliacha hivyo akaenda shule. Mjomba akalichukua, sauti ameiweka chini kwa heshima ya Bibi aliyelala, akapiga. Masikio yake yakapokea vitu viwili, uzi halisi ukisema noti moja na spika ikisema nyingine, vyote pamoja. Akakaza nyuzi, akalegeza, akakaza. Nimerudi nikamkuta ameketi kitini, gitaa magotini, ananiambia, "Mpwa wangu, masikio yameniaga." Mzee wa miaka ile yote ya jukwaani! Iliniuma. Nikazungusha kitufe kurudi tyuning ya kawaida, akapiga uzi mmoja, akanishika mkono asiuachie. Injinia aliporudi alipewa adhabu ya kumpigia babu rhythm wiki nzima, na sasa sijui kama ilikuwa adhabu, maana hawaachani.

Usiku wa mkasa mkubwa ulikuwa Jumamosi, wageni wamejaa. Kwa siku kadhaa amplifaya ilikuwa ikiunguruma, na Mjomba kwa sikio lake alishaipa jina noti: "Inaimba G, ile ya juu kidogo." Tukaendelea kula. Binti yangu Pendo, tunayemwita Kamera kwa kuwa hakuna kinachompita, akaja kunivuta shati. "Baba, ile valvu ya mwisho siyo kama wenzake."

Nikaenda nyuma ya kichwa. Kamera aliona sahihi. Valvu zikifanya kazi, waya wa katikati huwaka rangi ya machungwa, na huo ndio uzima wake. Hata wingu la bluu kwenye kioo huwa halina shida. Lakini hii ya mwisho, lile bamba lake la kijivu la nje lilikuwa jekundu ubavuni, kama mkaa uliopulizwa. Mkono wangu ulikuwa njiani kuelekea swichi fyuzi ilipokatika. Kimya.

Na hapo akanyanyuka Shemeji Fasta, mdogo wake Mama Pendo. Kwake hakuna jambo linalohitaji zaidi ya dakika tano. Keshatoa karatasi ya fedha kwenye pakiti ya sigara, anaikunja azungushie fyuzi. "Shem, hii inawaka sasa hivi." Nilimshika mkono mbele ya wageni, na sikujali nani ananiona vipi. Fyuzi imekufa ili transfoma isife, na ili nyumba isiungue na watoto ndani. Ukiifunga karatasi, kitu kinachofuata kukatika ni transfoma, ambayo bei yake inanunua mbuzi kadhaa. Fyuzi hubadilishwa kwa ya ukubwa ule ule, na ikikatika tena, kuna jambo ndani. Fasta alinuna, akala pilau mbili, akasahau.

Jumatatu tukavuka na kivuko, mimi na Injinia tumebeba kichwa, Mjomba anatangulia akiwafukuza watu njiani. Fundi wetu yuko Kariakoo, mzee wa makamo ya Mjomba, na waliposhikana mikono ilibidi tusubiri wamalize kuhesabu bendi. Kisha akafungua.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize hasa, wewe mwenye Injinia wako nyumbani. Plagi ilikuwa imening'inia mgongoni mwa kiti, haijagusa umeme tangu Jumamosi. Fundi akaweka fyuzi mpya, akaichomeka plagi, akawasha kidogo akiwa ametoa ile valvu mbovu, akazima, akachomoa tena. Akaweka mkono wa kushoto mfukoni. Kwa wa kulia akagusisha mita kwenye kapasita kubwa, na tukasoma sote: zaidi ya volti 300, mashine imezimwa, plagi iko hewani. Injinia akarudi nyuma hatua moja. Kapasita zinahifadhi chaji, na nyingine zinakaa nayo muda mrefu. Fundi akaitoa chaji kwa rezista iliyofungwa kwenye waya wenye ganda, polepole, hatumii bisibisi ya kupiga cheche, akapima tena mpaka mita ikasoma sifuri. Mkono unabaki mfukoni ili umeme usipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono hadi mkono. Alimweleza Injinia haya akimtazama machoni, nami nilimshukuru moyoni.

Mvumo wa G aliupokea bila kushangaa. Umeme wetu ni hezi 50, ukinyooshwa unabaki na mawimbi 100, na kapasita za kuchuja zikichoka, ndiyo hiyo G ya juu unayosikia. Ile ya chini yake, ya 50, humpeleka kwanza kwenye nyaya za ethi. Valvu nyekundu nayo haikuwa na kosa la kwanza. Akarudisha umeme, akapima mguu namba 2 wa soketi yake, mahali ambapo pangesoma karibu sifuri, akakuta volti chanya. Kapasita ndogo inayoleta sauti pale ilikuwa inavuja, inaifungulia valvu mkondo bila kipimo. Tungeweka valvu mpya peke yake, ingeungua vile vile. Akabadilisha hiyo na wenzake wote wa umri wake, akasafisha miguu ya soketi iliyoliwa na chumvi ya bahari, akatuuzia EL84 mpya. Zinatengenezwa hadi leo, Slovakia, Urusi na China.

Mwisho akaona plagi. Mjomba alikata waya wa ethi miaka mingi iliyopita ili kupunguza mvumo. Fundi akaacha kucheka. Nyuzi za gitaa zimeungwa na bodi ya mashine. Ethi isipokuwepo, hitilafu ya ndani inakuja moja kwa moja vidoleni. Keith Relf, mwimbaji wa Yardbirds, alikufa hivyo mwaka 1976, nyumbani kwake, si jukwaani. Leslie Harvey alikufa jukwaani huko Swansea mwaka 1972, mkono umeshika maikrofoni isiyo na ethi. Mjomba hakusema neno. Waya ukarudishwa.

Tumefika nyumbani, Bibi Swichi amefagia, na ufagio umechomoa waya wa spika. Nilishukuru nimetazama kabla ya kuwasha. Amplifaya ya valvu ikipigwa bila spika, nguvu inakosa pa kwenda na transfoma ya kutolea sauti inaungua. Sasa waya huo Kamera ndiye mlinzi wake: spika kwanza, umeme baadaye, na hakuna anayewasha kabla hajasema "tayari". Hata Mjomba anamsubiri.

Jana Shemeji Fasta kapiga simu. Kapata amplifaya nyingine ya valvu, ya Marekani, bei ya kutupa, anakuja nayo Jumamosi. Nimemuuliza imeandikwa volti ngapi nyuma. Kasema 120, lakini ataichomeka tu aone. Nimemwambia Mama Pendo aongee naye yeye mwenyewe, maana akimsikia dadake huwa anatulia, na hapa navyoandika wako kwenye simu dakika ya arobaini, na Bibi Swichi kashasimama karibu na swichi kubwa.