Litafaa Tu

Watu wengi hupata shida kwanza, ndipo hutafuta kifaa. Mwanaridhaa wa redio, yule anayerusha mawimbi kwa kujifurahisha, huanzia upande wa pili: hununua kifaa kwa kuwa kinauzwa bei ya kutupa, hukisukumia uvunguni mwa kitanda, kisha husubiri shida itakayokifaa. Mkewe akiuliza, "Baba nanii, hili nalo la nini?", hupewa jibu lile lile miaka yote: "Litafaa."

Na hufaa kweli. Tatizo ni kwamba kifaa kilichostaafu huja na tabia zake za kazini.

Waingereza waliyaona hayo Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, maduka ya London yalipojaa vyombo vya jeshi. Humo kulikuwa na VCR97, kioo cha rada cha upana wa inchi 6. BBC ilikuwa imerudisha televisheni hewani Juni 1946, nazo televisheni za dukani zilikuwa ghali. Wapenda redio wakasema kioo ni kioo, wakakifungia valvu za jeshi, na picha ikatokea. Ila rada haikuwahi kuulizwa rangi ya ngozi ya binadamu. Kioo kiliwaka kijani, na kila mtangazaji aliyetokea alionekana kama abiria wa jahazi aliyechafukwa na tumbo. Picha yenyewe ilikuwa ndogo, basi baadhi waliweka lenzi nene mbele yake. Waliokaa katikati walifaidi, waliobanwa pembeni waliambulia nyuso zilizopinda. Nyuma ya kioo kulikuwa na volti 2,000 na zaidi, ndiyo maana fundi mwenye akili alirekebisha picha kwa mkono mmoja na mwingine akautia mfukoni.

Kule Marekani, wanaridhaa walizuiwa kurusha mawimbi nchi yao ilipoingia vitani Desemba 1941. Waliporuhusiwa tena, walikuta kristali za jeshi, hasa zile za kikasha cha FT-243, zimezagaa sokoni. Ndani ya kikasha kuna kipande chembamba cha kwarzi, na unene wake ndio unaoamua masafa ya redio. Kwa bahati mbaya, jeshi lilikuwa limechagua masafa ya jeshi. Dawa ilikuwa kukifungua kikasha na kuisugua kwarzi juu ya kioo bapa kwa unga wa kusafishia masufuria, wengine kwa dawa ya meno, mpaka masafa yapande. Yapande kidogo tu! Lakini mkono wenye hamu haujui kidogo ni kiasi gani, na kwarzi iliyokwisha kulika haiongezeki. Aliyepitiliza hakukosa ujanja: alichora juu yake kwa penseli, uzito wa ile michoro ukayashusha masafa kidogo. Kituo kizima cha redio kikawa kinategemea vitu vya bafuni na vya mkoba wa mtoto wa shule.

Hata angani mtindo haukubadilika. Setilaiti ya kwanza ya wanaridhaa, OSCAR 1, iliyorushwa Desemba 12, 1961, ilichukua nafasi ya uzito wa kusawazishia roketi. Springi ya kuisukuma itoke ilinunuliwa katika maduka ya Sears kwa dola 1.15. Huko juu ilituma herufi mbili tu za Morse, HI, ambazo kwa wanaridhaa ni kicheko, na ikacheka hivyo kwa wiki tatu hivi hadi betri zikachoka.

Siku hizi uvungu umehamia juu ya paa. Setilaiti ya Qatar iitwayo Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018, imebeba mtambo wa wanaridhaa unaojulikana kama QO-100. Imetulia juu ya Ikweta, usawa wa mashariki kidogo ya Kisangani, kwa hiyo mtu wa Afrika Mashariki huielekezea dishi karibu utosini. Dishi la televisheni lililotelekezwa pamoja na LNB yake ya zamani, kile kipokezi kinachokaa mbele ya dishi, vikiunganishwa na redio vinatosha kuipokea. Lakini LNB ilizoea televisheni, ambako masafa yakihama kidogo hakuna anayejua. Mazungumzo ya wanaridhaa hubanwa ndani ya kilohezi 3 tu. Jua likiichoma LNB, masafa yanahama, na mzee aliyeanza kusalimu kwa sauti nzito anamalizia kwa sauti ya mtoto wa chekechea. Wingu likipita, anarudia utu uzima. Wengine huivika LNB sponji na makopo ili isione jua.

Jirani naye hutazama lile dishi lisilo na king'amuzi, akavumilia, mwishowe akauliza linaonyesha nini.

"Halionyeshi. Nasikiliza mtu wa Brazil."

"Brazil? Wanacheza na nani?"