Shemeji na Msasa wa Tabaka

Jumatatu na Alhamisi, siku za soko, barabara ya Daraja Mbili hapa Kisii huwa si ya magari. Ni ya mikungu ya ndizi, magunia ya parachichi, mikokoteni, na bodaboda zilizobeba kuku vichwa chini. Mwenye gari hupita kwa hisani tu. Anayesukuma mkokoteni wa viazi mlimani hawezi kusimama ati kwa kuwa umetoka kuosha gari. Akisimama, mzigo unamrudia. Basi anapita, na kitu fulani kinapita naye mlangoni mwako, krrrr. Unasikia "Pole, omogaka," ukigeuka hayupo.

Gari langu ni jeusi. Anayenunua gari jeusi katika mji wa mvua za alasiri na matope hahitaji adui. Mkwaruzo kwenye gari jeupe ni siri ya mwenyewe. Kwenye jeusi ni tangazo. Kufika nyumbani na mkwaruzo wangu, washauri wakajaa uani. Jirani mmoja alitetea dawa ya meno, na wala hakukosea sana: ina unga laini unaosugua, mkwaruzo mwepesi hufifia kweli. Mwingine alitaka mafuta ya taa. Mama mkwe, aliyekuja na mkungu wake wa ndizi, aliuliza kama gari bado linawaka. Linawaka. Akashangaa basi tunajadili nini.

Ndipo akaja shemeji.

Shemeji ni mtu wa Tabaka, kwenye machimbo ya mawe ya sabuni, na kazi yake ni kung'arisha vinyago. Ni kazi ya maji na msasa, kisha nta. Ameifanya tangu utotoni na wachache wanamzidi mkono. Shida ni kwamba jiwe ni jiwe hadi moyoni: lisugue hadi keshokutwa, chini utakuta jiwe lile lile. Gari sivyo. Juu kabisa kuna vanishi isiyo na rangi, unene wake mikroni 50 hivi, nyembamba kuliko unywele. Chini yake rangi yenyewe, kisha praima, kisha bati. Kila anayeng'arisha anakula vanishi kidogo. Ufundi wote uko katika kujua pa kuachia.

Nikamweleza hayo.

"Shemeji, wewe ni mwalimu," akanijibu kwa upole. "Hii ni kazi ya mikono." Akaloweka msasa kwenye karai.

Mwanzoni maji yalitiririka mlangoni meupe kama maziwa. Hiyo ilikuwa vanishi. Akaendelea, huku akiimba. Maji yakageuka meusi, naye akafurahi: "Unaona uchafu unavyotoka!"

Ulikuwa mlango.

Ajabu ni kwamba ulipolowa ulimeta vizuri sana, kwa sababu maji hujaza michubuko na jicho halioni kitu. Mvua nayo ikaja kwa saa yake, mlango ukameta hadi jioni, majirani wakamsifu shemeji, akachinjiwa kuku. Asubuhi jua likatoka. Mlango ukakauka, na ukungu wa kijivu ukatanda kutoka kitasa hadi gurudumu.

Fundi wa rangi niliyempelekea gari hakucheka, jambo ambalo namheshimu kwalo. Alitafuta mkia wa mkwaruzo uliobaki kwenye mlango wa nyuma, akapitisha ukucha juu yake. Ukateleza bila kukwama. "Huu uko kwenye vanishi tu," akasema. "Ungeosha gari, ukaliweka kivulini, ukasugua kwa kompaundi laini na kitambaa laini, ukanyamaza. Ukucha ukikwama, hapo ndipo unaniita." Mkia ule aliuondoa kwa kitambaa, mimi nikitazama, kabla chai yake haijapoa.

Mlango wa mbele ulipakwa rangi upya, nyeusi ya Toyota namba 202, kama ilivyoandikwa kwenye kibati cha gari. Sasa unang'aa kuliko milango mingine yote, na shemeji akija na wageni huwapeleka moja kwa moja kuwaonyesha kazi yake.