Shangazi Kaja

Katika mifuko yote iliyowahi kumwelemea mwanadamu, hakuna unaostahili sifa kama ule wa plastiki iliyosukwa, wenye miraba ya bluu, nyekundu na nyeupe, zipu inayokufa siku ya tatu na vishikio viwili vinavyokata viganja. Wanigeria waliupa jina la kumwambia Mghana aondoke, tangu 1983, serikali yao ilipowafukuza wahamiaji zaidi ya milioni moja, wengi wao Waghana, nao wakasomba maisha yao humo. Mwaka 2007 Louis Vuitton ikatoa mkoba wa miraba hiyohiyo, kwa wateja ambao bila shaka hawajawahi kuukalia stendi. Kwa wenzetu, basi, ni mfuko wa kufukuzwa au wa kuringia. Watanzania sisi tuliupa jina la furaha: shangazi kaja.

Mwandishi wa makala haya alikabidhiwa wake Mbagala, Dar es Salaam, akiwa katika mwezi wa tano wa kutangatanga na begi la mgongoni: Kampala, Kigali, Bujumbura, kisha Mombasa hadi Lamu. Begi lilikuwa na kilo 8, na alilitaja jambo hilo kwa kila aliyekutana naye, hata ambao hawakuuliza. Mpango ulikuwa kuvuka kwenda Mafia, kisiwani Chole, akamwone bibi yake, kisha aendelee na safari zake. Alikosea mahali pamoja tu: alipita kwanza kumwamkia shangazi.

“Mwanangu,” alisema shangazi, “maadamu unakwenda.”

Maadamu likazaa feni ya mezani. Likazaa sufuria tatu, doti mbili za vitenge, sukari kilo 5, dawa ya kuchua miguu, na picha ya harusi ndani ya fremu ya kioo. Jumla kilo 22.

Tuzipite haraka fadhila ndogo za mfuko huu. Humfanya kijana atembee kwa adabu, kichwa chini. Ni kiti pasipo na kiti. Humkumbusha aliyedhani yuko huru kwamba ana ukoo.

Fadhila yake kuu ni kwamba ni kitambulisho. Mtu mwenye begi la mgongoni peke yake, hata awe mweusi wa Chole kwa pande zote nne, huitwa “mista” na kupangiwa bei ya mista. Akishika shangazi kaja, wapiga debe wa stendi ya Rangi Tatu, Mbagala, humwita kaka. Basi lilipoiacha barabara kuu pale Bungu, abiria wa jirani alikwishajua anakwenda kwa nani. Nyamisati, katikati ya mikoko ya delta ya Rufiji, ambako chombo husubiri maji yajae na saa ya mkononi haina kauli, bibi mmoja aliufungua mfuko bila ruhusa, akaitazama picha ya harusi na kumtaja bwana harusi kwa jina. Kilindoni, bandarini Mafia, bodaboda hakuuliza “hoteli gani?” Aliuliza, “Kwa nani?” Na penye kizuizi cha kuingilia Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa 1995 na ambako mgeni wa nje hulipia kila siku anayokaa, mlinzi alikwishaanza salamu kwa Kiingereza. Macho yake yakashuka kwenye miraba. Kiingereza kikakatika. “Aa, mjukuu. Pita tukuandikie ya wenyeji.”

Hati gani ya kusafiria ina nguvu hizo? Balozi za Ulaya zinajisumbua kuchukua alama za vidole na taarifa za benki, wakati zingemwambia mwombaji aje na mfuko wake. Anayebeba sufuria tatu za bibi yake hana nia ya kutoroka, hatafika mbali. Na shangazi kaja haighushiki, kwa kuwa hakuna mhalifu duniani atakayejitolea kubeba feni ya mtu mwingine.

Kisiwa chenyewe kinaijua hali ya kubebwa. Mwaka 1890 Mafia ilikabidhiwa Wajerumani katika mapatano yao na Waingereza, Januari 1915 Waingereza wakaichukua kwa nguvu ili waiwinde manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha Rufiji, na 1922 ikahamishiwa Tanganyika. Haikuulizwa hata mara moja kama ina nafasi kwenye begi.

Wapo wanaokwenda kwa ndege ndogo, nusu saa tu kutoka Dar es Salaam, mzigo usizidi kilo 15. Hao watafika. Hakuna atakayejua kwamba wamefika.

Halafu Utende, wakati wa kuvuka kwenda Chole, maji yamekupwa, mashua imesimama mbali, vishikio vikakatika. Vyote viwili. Mwandishi akasimama majini hadi magotini amekumbatia feni kama mtoto mchanga, na hapo utenzi wa sifa ukamkauka mdomoni. Feni zinauzwa Kilindoni! Sukari inauzwa Kilindoni, na ni sukari ileile! M-Pesa iko Tanzania tangu 2008. Shangazi angetuma fedha kabla chai haijapoa. Nani basi alihitaji kilo 22 zivuke bahari?

Jibu lilikuwa chini ya kitanda cha bibi. Palikuwa na mifuko saba ya miraba, mitupu, imekunjwa vizuri, na kando yake sufuria mpya ambazo hazijawahi kuona moto. Bibi ana watoto sita, wanne wako Dar es Salaam. Mara ya mwisho kuonekana wote ilikuwa mazishi ya babu. Tangu hapo huja mifuko.

Kuanzia Oktoba hadi Machi watalii hupanda mashua Kilindoni kuogelea na papa potwe, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba msimu ukiisha wanahama. Watafiti waliowafunga vifaa vya kuwafuatilia wakakuta wengi hawaendi popote. Wapo mwaka mzima, wamesogea tu mbali kidogo na ufukwe, pasipoonekana.

Bibi aliipokea feni, akaifuta chumvi kwa kanga, akaiweka mezani. Alimtazama mjukuu, akautazama mlango nyuma yake.

“Na shangazi yako?”

“Anakusalimu, bibi.”

“Marahaba,” alisema bibi, akavuta mfuko wa nane kutoka chini ya kitanda, ambao mwandishi hakuuhesabu, na kuanza kupanga nazi na pweza mkavu. “Umpelekee.”

Kutoka nyumbani kwa shangazi hadi Rangi Tatu, yanakoondokea mabasi ya Nyamisati, ni dakika 10 kwa miguu. Bila mzigo, 7.